Nafasi ya Vidole Viwili

Gauni lilikaa. Siyo kule kukaa kwa kumfariji mteja, kwa kusema litakaa vizuri akinenepa kidogo. Lilikaa hasa: kifua kimetulia, kiuno kiko kiunoni, zipu imepanda mpaka juu bila kubembelezwa. Pini alirudi nyuma, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, akatafuta kasoro kama mtu anayetafuta sababu ya kugombana. Hakuiona.

Jina hilo la Pini hakupewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliombandika, kwa sababu kutwa nzima alikuwa na pini midomoni, hata ukimsalimia anakuitikia kwa pua.

"Nyanyua mikono, Kidoti," alisema.

Mtoto akanyanyua. Alikuwa ameanza darasa la kwanza mwaka huo, mnene wa mgongo, mwembamba wa miguu, na kidoti cheusi kidevuni ambacho kila mgeni alitaka kukigusa.

"Linakubana?"

"Halinibani."

"Haya, inama kama unaokota peremende."

Kidoti akainama, akaangaza chini ya cherehani, chini ya meza, mpaka nyuma ya ndoo. "Mbona haipo?"

Dada yake Pini, aliyekuwa pembeni akishona vifungo vya sare za shule, alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Unamdanganya mtoto wa watu peremende! Kweli mama wa kambo huanza mapema."

"Nyamaza wewe. Bibi yake yuko njiani."

"Najua yuko njiani. Ndiyo maana tangu asubuhi umefagia hiki chumba mpaka saruji inataka kutoka." Dada akakata uzi kwa meno, uso ukamgeuka. "Na ile karatasi? Utamwambia nini?"

"Nitampa karatasi yake. Kwani imekufa?"

"Haijafa. Ina bandeji tu."

Pini aliuchukua tena ufagio. Dada yake alijua ana hofu, kwa sababu mtu asiye na hofu hafagii mara nne.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yake Kidoti alikuwa fundi wa miwani, na kwa hiyo watu walimwita Miwani, basi. Alifiwa na mkewe mtoto akiwa bado hajui kandambili ipi ni ya kushoto. Mtoto akalelewa na bibi, mama wa marehemu, na baba akawa anakwenda huko kila jioni kula, kucheza naye na kumlaza. Aliishi hivyo mpaka siku Pini alipoingia dukani kwake na miwani iliyokaliwa na dada yake. Miwani aliinyoosha, akamvisha, akapitisha vidole nyuma ya masikio kuangalia kama inakwaruza, kisha akamwambia, "Nitazame hapa, nione kama iko sawa," akionyesha katikati ya macho yake mwenyewe. Pini akatazama. Ukimuuliza, atakuambia hajawahi kutazama pembeni tena. Walipendana watu wazima wale mpaka wakawa wanaona haya kukutana mbele ya watu.

Lakini Miwani alimwambia mapema, bila kumzungusha. "Nakupenda kufa. Ila siwezi kuoa nikamwacha mwanangu nyuma, na siwezi kumchukua kwa mama kwa nguvu. Amezika mwana. Nikimpokonya na mjukuu nitakuwa mtu gani?"

Kwa muda mrefu yule mama alikataa. Hakukataa kwa matusi. Alikuwa akisema tu, "Bado," na kuendelea kuosha vyombo. Halafu siku moja alifungua kabati lake, akatoa karatasi ya kaki iliyosokotwa na kufungwa utepe. Ilikuwa paterni, karatasi ya kukatia nguo. Marehemu aliichora akiwa mgonjwa, kitandani, ubao juu ya magoti, gauni la mwanawe la kuvaa akishafika umri wa kuanza shule. Hakuwahi kulikata.

"Mpelekee huyo mwanamke wako," alimwambia mkwewe. "Alishone. Nikiliona limemkaa mjukuu wangu, nitakuja harusini, na mtoto nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu."

Pini alipopewa karatasi ile alilia kwa furaha. Aliitandika mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaibana kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa, akapitisha mkasi juu ya mstari wa penseli bila kuyumba hata kidogo. Akashona. Akamwita Kidoti ajaribu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zipu haikufunga. Kifua kilimbana mtoto hata akawa anapumua kwa mafungu, na kiuno kilipanda kikakaa kwenye mbavu. Halafu shingo, ajabu, ilikuwa imelegea, imeachama kama ya gauni la mtu mwingine.

"Kifua kidogo, shingo kubwa?" Dada alisema siku ile. "Hapo pana jambo. Yule mama alikuwa fundi zamani. Kamuulize."

"Nikamuulize nini? Aseme fundi mzima sijui kumkatia mtoto gauni?"

"Aseme. Kwani utapungua?"

Pini hakwenda. Aliona aibu, na aibu ile akaiita ujuzi. Jioni alipokuja Miwani kumchukua mtoto, alimwambia kwa sauti ya chini, mlangoni, Kidoti akiwa anavaa viatu nyuma yao: "Usinielewe vibaya. Marehemu alikuwa mgonjwa, mkono hauna nguvu. Alikisia tu. Alikosea vipimo. Mtoto amekuwa tofauti na alivyomdhania."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Fanya unavyoona, mpenzi. Wewe ndiye fundi."

Basi Pini akafanya alivyoona. Karatasi kubwa ya kunakilia ilikuwa imemwishia, na siku zilikuwa zimemkaba, kwa hiyo aliikata ile ile. Aliikata toka katikati ya bega mpaka kiunoni, akaitanua, akabandika ukanda wa gazeti katikati. Akaikata tena kwa upana ili kukishusha kiuno, akabandika gazeti jingine. Shingoni akajaza. Kwapani, palipotokeza ncha baada ya kubandika, akasawazisha kwa mkasi, na kijipande kikadondoka. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Paterni za dukani alizipasua na kuziunga kila siku, mpaka nyingine zilikuwa viraka vitupu. Akakata kitambaa upya, akashona upya, na gauni, kama tulivyoliona, likakaa.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Miwani. Pini alijipangusa mikono kwenye sketi, akarekebisha kilemba, akakirekebisha tena.

"Karibuni. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Yule mama alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Aliingia, akakitazama chumba chote, cherehani mbili, pasi, sare zilizopangwa, kisha akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa amesimama juu ya kigoda kwa gauni la rangi ya maziwa, ametulia kuliko alivyowahi kutulia maishani.

Miwani alisimama nyuma ya mkwewe. Macho yake yakamtafuta Pini juu ya kichwa cha yule mama, yakampata, yakabaki pale pale.

"Shuka," bibi alisema. "Zunguka. Nyanyua mikono." Kidoti akatii. "Inama."

"Hakuna peremende, bibi. Nimeshatafuta."

Yule mama akacheka. Kicheko kilimtoka bila kutaka, kifupi, na mtu asingeamini jinsi chumba kizima kilivyopumua. Akalishika pindo la gauni, akaligeuza ndani nje, akalisogeza karibu na macho.

"Pindo umelishona kwa mkono."

"Ndiyo, mama. Cherehani inaacha mstari."

"Na hapa kiunoni umelainisha mshono usimkwaruze."

"Ngozi yake nyepesi. Nilimwona akijikuna shati la shule."

"Mmh." Akaliachia pindo, akalinyoosha kwa kiganja, taratibu. "Vizuri."

Neno moja tu. Miwani akatabasamu kwa uso wote, tabasamu la mtu aliyetua mzigo, na Pini akalazimika kutazama chini asije akalia mbele ya mkwe.

"Hicho kiti cha mbele mtakachoniwekea," yule mama alisema, akiketi, "kiwe na mto. Mgongo wangu siku hizi hautaki mbao."

"Mama, tutakuwekea mito miwili!" Miwani alisema.

"Mmoja unatosha. Miwili nitaonekana bibi harusi mimi."

Walicheka wote. Dada alishika mdomo. Kidoti alicheka kwa sababu wengine wanacheka. Mtu angeweza kukikata kipande kile cha asubuhi na kukihifadhi, maana hakikurudi tena.

"Haya," yule mama alisema, mikono magotini, "nipe karatasi yangu niikunje nirudi nayo."

Pini aliitoa juu ya rafu. Alikuwa ameisokota vizuri na kuifunga utepe wake ule ule. Yule mama aliufungua utepe, akaifungua karatasi mapajani, na magazeti yakatokeza.

"Hii nini?"

"Ni ile ile, mama. Niliitanua kidogo. Ilikuwa ndogo."

"Ndogo?"

"Ndogo kwa Kidoti. Kifua kilimbana, kiuno kikampanda juu, shingo ikalegea. Ilinibidi..."

"Shingo ililegea."

"Ndiyo, mama."

"Kifua kinabana, shingo inalegea." Yule mama alinyanyua macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya fundi anayesikiliza cherehani na kujua palipokatika. "Ulikata wapi?"

"Kwenye mstari."

"Mstarini kabisa?"

"Mstarini kabisa, mama. Sikuyumba."

"Na nafasi ya mshono uliitoa wapi?"

Pini aliinama kuitazama karatasi. "Si... si imo ndani ya mstari?"

"Nani amekuambia imo?"

"Paterni zote, mama. Za dukani zote zina..."

"Hii siyo ya dukani." Alisema taratibu, bila kuinua sauti, na ndiyo iliyouma. "Mwanangu nilimfundisha kukata mimi. Sisi tukichora, mstari ni mwili wa mtu. Ukiweka karatasi juu ya kitambaa, unachora kwa chaki pembeni yake, vidole viwili kuzunguka kote, halafu ndipo unakata. Vidole viwili hivyo ndivyo vinavyoliwa na mshono. Wewe uliushona mwili wenyewe. Umeula huku ubavuni, umeula huku begani, ndiyo maana kikabana na kikapanda. Na shingo, kila ukiila, tundu linakuwa kubwa. Hukuona kwamba ni ugonjwa mmoja?"

Pini alikuwa ameshaona. Aliona yote kwa mpigo, kama mtu aliyewashiwa taa akiwa uchi. Magonjwa matatu aliyoyatibu moja moja kwa jasho na gundi yalikuwa moja tu, na mgonjwa hakuwa karatasi. Mwanafunzi wa siku mbili kwenye cherehani angeuliza. Yeye hakuuliza.

Yule mama alianza kubandua magazeti. Aliyabandua kwa ukucha, kidogo kidogo, gundi ikikwaruza. Alipomaliza alikuwa na vipande vya kaki mkononi, na mstari wa penseli wa mwanawe umekatikakatika juu yake.

"Kidoti, vua gauni uje hapa. Geuka mgongo." Mtoto akavua, akasimama na shimizi. "Baba yake, shika upande huo."

Miwani akapiga magoti. Wakaviunga vipande mgongoni kwa mtoto, yeye na mkwewe, ukingo kwa ukingo, kama vilivyokuwa kabla havijaonja mkasi. Bega la karatasi likafika kwenye bega la mtoto, likaishia hapo hapo kwenye mfupa. Kiuno kikalala kiunoni. Ubavuni mstari wa penseli ukakutana na ubavu, haukuzidi, haukupungua.

"Karatasi inanitekenya," Kidoti alisema.

"Tulia, mama."

"Alijuaje?" Miwani aliuliza. "Mama, alikuwa mchanga. Alikuwa hata hajaota meno yote. Alijuaje?"

"Alikuwa akimtazama kutwa. Angefanya nini kingine, kitandani? Akaniambia, mama, huyu atachukua mgongo wa baba yake, nitamwongezea mgongoni." Yule mama akapitisha kidole kwapani, kikasimama. "Kuna kipande hakipo."

"Nilisawazisha," Pini alisema, sauti ikiwa haimfikii hata mwenyewe.

Ndipo Kidoti, aliyechoka kusimama na aliyetaka kuchangia maongezi, akasema kwa sauti yake safi, "Mama Pini alisema mama alikosea kunichora. Alimwambia baba. Alisema hakunijua."

Mama Pini! Siku nyingine Pini angetoa jicho moja asikie neno hilo. Siku hiyo lilimwingia kama pini chini ya ukucha.

Yule mama aligeuka, akamtazama mkwewe. "Alikuambia hivyo?"

Miwani alikuwa bado amepiga magoti, kipande cha kaki mkononi. "Aliniambia."

"Wewe ukamjibu nini?"

Miwani alikigeuza kile kipande kama jibu limeandikwa nyuma yake.

"Mwanangu hakukosea," yule mama alisema. Alirudi kitini, akakaa vibaya, nusu nje. "Mwanangu hakukosea hata kidogo." Halafu mkono ule mkubwa ukaziba mdomo, na mabega yakaanza kutikisika. Pini alimwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Nisamehe, mama. Nilijifanya najua. Niliona haya kukuuliza."

"Nilikuja kukupa mtoto," yule mama alisema ndani ya kiganja. "Siku zote nilikuwa nasema bado. Leo nilitoka nyumbani nimekubali. Nilikuja kukupa."

Hakumsukuma. Angemsukuma, Pini angeshukuru. Aliutoa tu mkono wa Pini mapajani mwake kwa upole, kama unavyotoa kitu cha mtu mwingine, akasimama, akamvisha mjukuu sare yake ya shule. Gauni la rangi ya maziwa alilikunja, akaliacha juu ya kiti.

"Bibi, gauni langu!"

"Twende, mama."

"Anti Pini, utanivalisha siku ya harusi?"

Dada ndiye aliyesema, "Nenda na bibi, mrembo. Nenda." Akageukia ukutani na vifungo vyake.

Miwani alibaki mlangoni. Barabarani yule mama alikuwa amemshika mtoto mkono, akingoja, amewapa kisogo.

"Sema kitu," Pini alimwambia. "Nitukane basi."

"Sina la kukutukana."

"Wewe mwenyewe ulisema nifanye ninavyoona."

"Nilisema." Alivua miwani yake, lakini safari hii hakuifuta. Aliishika tu. "Ndiyo inayoniuma. Uliniambia mke wangu hakumjua mwanawe, na mimi nikakubali. Unajua kwa nini? Kwa sababu ilinirahisishia. Nikasema moyoni, basi, hata yeye hakuwa kamili, naweza kwenda. Nilimuuza kwa bei hiyo."

"Mpenzi..."

"Na kumbe alikuwa anamjua mpaka mfupa."

"Nitaishi kwa kuomba radhi. Nitakwenda kwa mama kila siku. Nitalala mlangoni kwake kama ni lazima. Usiniache kwa karatasi."

"Siyo karatasi."

"Basi kwa nini?"

Alimtazama. Mara nyingi alikuwa amemtazama, dukani, njiani, juu ya vichwa vya watu, na kila mara Pini alijiona yumo ndani ya macho yale mzima mzima. Sasa alijitafuta, hakujiona. Macho yalikuwa yamejaa mtu mwingine.

"Nilikuwa nimeanza kumsahau sauti," Miwani alisema. "Pale, nilipoiweka karatasi mgongoni kwa mtoto, nimeisikia. Amesema, nitamwongezea mgongoni. Nimeisikia kabisa, Pini. Sasa nitakaaje nyumba moja na wewe, na kila ukishika mkasi ninamsikia?"

"Itapita."

"Sitaki ipite."

Hilo ndilo lililommaliza. Kama angesema amekasirika, hasira hupoa. Kama angesema mama amekataa, mama hubembelezwa. Lakini mtu akikuambia hataki ipite, unamshika wapi? Alimwona akivuka barabara, akamchukua mtoto begani, na wote watatu wakakata kona ya duka la rangi. Kidoti tu ndiye aliyegeuka kupunga mkono.

Pini aliingia ndani, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani. Hakulia.

"Nilikuambia nenda kamuulize," Dada alisema, halafu akajutia, akaja kukaa naye sakafuni. "Nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Ulisema kweli."

"Atarudi. Mwanamume aliyependa vile hawezi kukaa mbali, atarudi."

"Usinitie moyo, dada. Siutaki."

Wakakaa hivyo. Nje watu walipita, wateja wawili walipiga hodi, Dada akawaambia warudi kesho. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa dirisha Pini aliposikia hatua anazozijua. Ukizipenda hatua za mtu huzikosei. Akainuka, kilemba kimemwanguka, akakiacha.

Miwani alisimama mlangoni, anahema kama aliyekimbia.

"Umerudi," Pini alisema. Na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Kile kipande," Miwani alisema. "Cha kwapani. Mama hataki kula, amevipanga vile vingine mezani anavitazama. Nimekuja kuuliza kama ulikitupa."

Dada aliguna, akatoka nje.

Pini alisimama palepale mpaka maneno yalipomfikia yote. Kisha akaenda kwenye kapu la mabaki. Alilibinua sakafuni, akapiga magoti, na Miwani akapiga magoti upande wa pili. Wakachambua pamoja, nyuzi, ncha za sare, vitambaa vya shingo, vumbi la chaki. Vichwa vyao vilikaribiana. Pini alisikia pumzi yake. Mara mbili vidole vyao viligusana kwenye lundo, na mara zote mbili Miwani alisema "samahani," kama mgeni kwenye foleni.

Pini ndiye aliyekiona. Kilikuwa kimenasa kwenye uzi mweupe, kipande cha kaki kisichozidi ukucha wa dole gumba, na alama fupi ya penseli juu yake. Angeweza kukifunika kwa kiganja. Alifikiria hivyo, tusimsingizie utakatifu. Kipande kisipoonekana, Miwani angekaa, wangetafuta mpaka giza, pengine angerudi na kesho.

"Hiki hapa," alisema.

Miwani alikipokea kwa viganja viwili. Alitoa mfukoni kikasha cha miwani, kile cha ndani laini ambamo siku ya kwanza aliilaza miwani ya Pini kabla ya kumvisha, akakilaza kipande juu ya kile kitambaa, akafunga polepole kisipeperuke. Tangu wapendane, Pini hakuwahi kumwona akishika kitu kwa uangalifu namna ile.

"Asante," alisema.

"Na gauni?"

"Mama anasema libaki."

"Linamkaa."

"Najua linamkaa."

Wakasimama. Katika kuinama na kubinua, miwani ya Pini ilikuwa imepinda, upande mmoja umepanda nyusini, mwingine umeshuka shavuni. Miwani aliiona. Mikono yake ikanyanyuka yenyewe, mazoea, vidole vimekunjuka tayari kupita nyuma ya masikio, na Pini akafumba macho, akangoja.

Hakuna kilichomgusa. Alipofumbua, mikono ilikuwa imerudi mfukoni, juu ya kikasha.

"Utainyoosha mwenyewe," Miwani alisema taratibu. "Usiivute sana. Itakatika."

Akaenda. Dada aliporudi ndani alimkuta Pini amesimama katikati ya mabaki, gauni dogo la rangi ya maziwa mikononi, miwani imekaa upande.

"Njoo nikuweke sawa hiyo miwani, utaanguka."

"Iache," Pini alisema. "Iache hivyo hivyo."